Kuhesabu ndege wa maji kwenye ardhioevu: mwongozo kwa vikundi vya vijiji na wanafunzi

Kila Januari watu wenye darubini hutoka alfajiri kwenda kwenye maziwa, mabwawa, mbuga za mafuriko na fukwe za Afrika kuhesabu ndege wa maji. Sensa hii ya kimataifa ilianza mwaka 1967, na upande wake wa Afrika ukaanza mwaka 1991. Januari ni mwezi ambao ndege wahamao kutoka Ulaya na Asia wamekwisha kutulia huku kwetu na bado hawajaanza safari ya kurudi. Kazi yenyewe huonekana nyepesi, na kwa siku ya kwanza kweli ni nyepesi. Ugumu hujitokeza mwaka wa pili, pale mtu anapofungua daftari la mwaka uliopita na kukuta limeandikwa "ndege 4,312" bila kuonyesha walihesabiwa kutoka wapi, saa ngapi, na watu wangapi, na maji yakiwa yamefika wapi. Akipata 2,900 mwaka huu, hana njia ya kujua kama waliopungua ni ndege au ni wahesabuji. Hatua zinazofuata zimepangwa kwa kuangalia mwaka huo wa pili, na kila mwaka unaofuata.

Hatua ya kwanza: andika swali kabla ya kutafuta darubini

Kaeni chini na muandike, kwa sentensi moja au mbili, mnachotaka kujua na nani atakitumia. Kikundi cha kijiji kinachotaka kujua kama ukataji wa mafunjo kandokando ya bwawa unawafukuza ndege kinahitaji kuhesabu sehemu iliyokatwa na sehemu isiyokatwa, kila moja kwa fomu yake, mwaka hadi mwaka. Kikundi kinachotaka kuonyesha kwamba ardhioevu yao ina umuhimu wa kimataifa kinahitaji kitu kingine: jumla ya eneo zima, aina kwa aina. Mkataba wa Ramsar, mkataba wa kimataifa wa ardhioevu uliotiwa saini nchini Iran tarehe 2 Februari 1971, una vigezo viwili vinavyohusu hesabu moja kwa moja. Cha kwanza ni kwamba eneo huwa na ndege wa maji 20,000 au zaidi kwa kawaida. Cha pili ni kwamba eneo kwa kawaida huwa na asilimia 1 ya ndege wote wa aina fulani katika kundi lao la kijiografia. Kigezo hiki cha pili ndicho kinachovipa nafuu vibwawa vidogo, kwa sababu kama kundi zima la aina fulani lina ndege 100,000, basi 1,000 wanaoonekana kwako mara kwa mara wanatosha, hata kama wengine wote bwawani ni wachache. Neno "kwa kawaida" limo katika vigezo vyote viwili, na ndilo linalosahaulika: siku moja ya bahati haihesabiki kuwa ushahidi.

Hatua ya pili: gawa eneo kwa vitu visivyohama

Chukua ramani, au picha ya satelaiti iliyochapishwa kwenye karatasi, uligawe eneo katika sehemu ambazo watu wawili wanaweza kuzihesabu kwa muda wa saa mbili hivi. Mipaka ya sehemu hizo ifuate daraja, mdomo wa mto, jiwe kubwa, mbuyu au kona ya barabara. Usitumie ukingo wa maji kuwa mpaka, kwa sababu maji ya ardhioevu zetu hayakai mahali pamoja. Ziwa Manyara ni mfano mzuri: ni ziwa pana lakini la kina kifupi sana, kiasi kwamba katika miaka ya ukame mkali hubaki uwanja mweupe wa magadi, na mtu aliyeweka kituo chake "penye ukingo wa maji" hujikuta kila mwaka amesimama mahali tofauti.

Ndani ya kila sehemu chagua vituo vya kusimama. Asubuhi simama upande wa mashariki ukitazama magharibi, ili jua liwe mgongoni. Alasiri fanya kinyume chake. Ukihesabu huku jua likikupiga usoni, ndege wote huwa vivuli vyeusi, na hapo hata bata na kibisi hawatofautiani. Andika viwianishi vya kila kituo kutoka kwenye kifaa cha GPS au simu, kisha piga picha ya mandhari kutoka pale pale uliposimama, kwa maana mwakani anayekuja anaweza asiwe wewe.

Pitieni njia yote siku moja au mbili kabla ya siku ya kuhesabu. Katika matembezi hayo ndipo mnapogundua kwamba kituo cha nne kimezibwa na matete, kwamba njia ya kwenda kituo cha sita inapita panapolala viboko, na kwamba wavuvi hutoa mitumbwi yao saa kumi na mbili na nusu na kuwarusha ndege wote. Waulizeni wavuvi na wachungaji. Wao huona eneo kila siku, na mara nyingi neno moja kutoka kwao huokoa asubuhi nzima.

Kuhusu ruhusa, serikali ya kijiji ijulishwe hata kama eneo halina hifadhi yoyote. Ndani ya hifadhi ya taifa, pori la akiba au eneo lingine lenye mamlaka yake, ruhusa ya mamlaka husika ni lazima. Kwa utafiti rasmi nchini Tanzania utapitia TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori) na COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia), na nchini Kenya utahitaji leseni ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na uvumbuzi) pamoja na ruhusa ya KWS (shirika la wanyamapori) kwa maeneo yake. Anzeni mapema, kwa sababu barua hutembea polepole kuliko ndege.

Hatua ya tatu: chagua siku na saa, kisha usizibadilishe

Katikati ya Januari ndiyo desturi ya sensa, na vikundi vingine huongeza Julai ili kuwaona ndege wakazi bila ya wageni. Muhimu ni kwamba mkianza na wiki fulani mwendelee na wiki hiyo kila mwaka. Kwenye maziwa na mabwawa anzeni mara tu kunapopambazuka vya kutosha kutambua rangi, na mjitahidi kumaliza kabla ya saa nne asubuhi. Baada ya hapo, hasa kwenye maziwa ya magadi, joto huanza kupanda kutoka ardhini, mazigazi hutikisa picha yote ndani ya darubini, na heroe (flamingo) aliye umbali wa kilomita moja huwa doa la waridi linalochezacheza.

Pwani mambo ni mengine, kwa sababu huko saa huamuliwa na bahari. Kwenye delta ya Rufiji, Mafia au Unguja, wakati wa bamvua, yaani siku za maji makubwa, maji hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita tatu, na yakipwa, vitwitwi, sululu na chamchanga husambaa kwenye matope ya kilomita nyingi ambako hakuna anayeweza kuwahesabu. Maji yanapojaa, ndege hao hao husongamana kwenye mafungu ya mchanga na kingo za mikoko wakingoja, na hapo ndipo wanapohesabika. Tafuteni jedwali la maji, fikeni saa moja na nusu kabla ya maji kujaa kabisa, mkae kimya. Maji mafu, yaani siku ambazo bahari haijai sana, hayafai kwa kazi hii, kwa kuwa matope mengine hubaki wazi na ndege hawakusanyiki.

Hatua ya nne: vifaa vichache vinatosha

Darubini ya mkono yenye ukuzaji wa mara 8 au 10 kwa kila anayehesabu, darubini kubwa ya kusimama kwa miguu mitatu, angalau moja kwa kila timu, kama ziwa ni pana, kihesabio cha kubonyeza kwa kidole gumba, saa, maji ya kunywa, kofia, na penseli. Nasisitiza penseli kwa sababu wino wa kalamu huyeyuka fomu inapoloa, na fomu za ardhioevu huloa. Kila timu iwe na watu wasiopungua wawili: mmoja anatazama na kutaja, mwingine anaandika na kurudia kwa sauti alichosikia. Anayetazama asiondoe jicho kwenye darubini kuandika, maana akirudi hatajua alikuwa ameishia kwa ndege yupi.

Usalama usichukuliwe kama jambo la kumalizia. Msivuke maji msiyoyajua kwa sababu ya mamba na viboko, na msisimame ndani ya maji yaliyotuama kwa muda mrefu, kwani kichocho hupatikana humo humo wanamopatikana ndege wazuri.

Hatua ya tano: jifunze aina zako, na ukubali usiyoijua

Majina ya Kiswahili ya ndege ni mazuri lakini hayafanani kila mahali. Neno "korongo" kwa mtu mmoja ni ndege fulani na kwa jirani yake ni mwingine kabisa, na wapo wanaoliita hivyo hivyo kundi zima la heroe. Kwa hiyo kwenye fomu kila aina iwe na jina la kisayansi, na jina la Kiswahili liandikwe pembeni kwa ajili ya mazungumzo.

Tengenezeni orodha fupi ya aina ishirini au thelathini zinazoonekana kwenu, na mjifunze alama zinazotenganisha zile zinazofanana. Yangeyange ni mfano wa kuanzia. Yule mdogo, *Egretta garzetta*, ana mdomo mweusi na miguu myeusi, lakini akiinua mguu kutoka kwenye matope utaona vidole vya manjano, kana kwamba amevaa soksi. Yule mkubwa, *Ardea alba*, ana vidole vyeusi na shingo ndefu yenye kona kali. Yule anayefuata ng'ombe ni mfupi, mnene, mwenye mdomo wa manjano. Heroe nao ni wawili: mkubwa, *Phoenicopterus roseus*, ana mdomo wa waridi wenye ncha nyeusi, na mdogo, *Phoeniconaias minor*, ana mdomo wa rangi nzito ya damu ya mzee ambao kwa mbali huonekana mweusi wote.

Vitwitwi wadogo wa kijivu wanaokimbia ukingoni watakushinda mwanzoni, na hakuna aibu. Andika "kitwitwi mdogo, hakutambuliwa: 140". Mtaalamu atakayesoma fomu atakushukuru kwa hilo, ilhali jina la kubahatisha litamharibia kazi bila yeye kujua.

Hatua ya sita: kuhesabu kwenyewe

Hapa ndipo penye ufundi, na ufundi huu hujengwa nyumbani. Mwaga ujazo wa kiganja wa choroko juu ya ungo, utazame kwa sekunde kumi, ukadirie, kisha uzihesabu moja moja. Rudia mara ishirini kwa viasi tofauti na uandike makadirio pamoja na hesabu halisi. Watu wengi hugundua kwamba wako karibu sana na ukweli kwa choroko 50, lakini zikifika 500 hutaja 300. Jicho hupunja kundi kubwa. Ukishajua unapunja kwa kiasi gani, usijaribu kuongeza namba za kufidia ukiwa uwanjani. Endelea kufanya mazoezi mpaka pengo lenyewe lipungue.

Uwanjani, kwanza pitisha darubini polepole eneo zima bila kuhesabu chochote, uone nani yuko wapi. Kisha anza na ndege walio karibu na kuruka, na walio wachache, kama furukombe mmoja juu ya mti mkavu au kulastara watatu, ndipo uende kwenye makundi makubwa. Ndege wasiozidi mia chache wahesabu mmoja mmoja. Kundi likizidi hapo, hesabu kumi kwa uhakika, uishike akilini nafasi ambayo kumi hao wameijaza, uongeze mpaka uione hamsini au mia, kisha uhamishe kipimo hicho kundi zima: mia, mia mbili, mia tatu. Kosa la kawaida ni kuchukua kipimo katikati ya kundi, ambako ndege wamebanana, na kukitumia pembeni walikotawanyika. Badilisha kipimo kila msongamano unapobadilika. Heroe wanaokula wakiwa wameinamisha vichwa wahesabu kwa migongo, maana shingo hutokea na kupotea.

Hesabu aina moja au mbili kwa kila mpito. Anayejaribu kuhesabu aina sita kwa mpito mmoja huishia kuhesabu vizuri ile anayoipenda. Makundi makubwa yahesabiwe na watu wawili kila mmoja peke yake, bila kutajiana. Namba zote mbili ziandikwe, na zikitofautiana kwa zaidi ya moja ya tano warudie.

Ndege wakiruka kutoka sehemu moja kwenda nyingine, kanuni ni hii: waliohesabiwa tayari upande wa pili hawahesabiwi tena, na kila kundi linalopita liandikwe kwa aina, idadi, saa na mwelekeo. Kanuni hii niliijua kwa kichwa miaka mingi kabla ya kuiheshimu. Mwaka mmoja tuligawana ziwa dogo timu mbili, ng'ambo hii na ile, tukaanza kwa kupishana dakika arobaini kwa sababu gari moja lilichelewa. Jioni jumla ya mwari ilikuwa ya kufurahisha sana, mpaka mwandishi wa timu ya pili aliposoma maelezo yake ya pembeni: "mmoja ana bawa la kushoto linaloning'inia." Fomu yangu ilikuwa na maelezo hayo hayo, bawa hilo hilo. Mwari wote walikuwa wamevuka ziwa, na tulikuwa tumewahesabu mara mbili. Tangu hapo timu zote huanza kwa saa ile ile, na fomu hulinganishwa siku hiyo hiyo kabla ya watu kuoga.

Tukiwa kwenye saa, kuna mtego wa kwetu wenyewe. Mmoja huandika "saa 1:15", mwingine "07:15", na kompyuta ya wilayani huzitenganisha kwa saa sita. Chagueni mtindo mmoja na uchapwe juu ya fomu.

Hatua ya saba: andika yasiyo ndege

Fomu ya kila kituo ionyeshe tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, majina ya waliohesabu, hali ya hewa, usumbufu uliotokea, na sehemu ya eneo iliyoonekana kwa kukadiria: robo, nusu, robo tatu au yote. Kimo cha maji kipimwe kwenye nguzo yenye alama za sentimita iliyosimikwa imara mahali pasipokauka upesi. Kazi hii inachukua dakika tano na hupuuzwa kuliko zote, ingawa kimo cha maji ndicho kinachoeleza nusu ya mabadiliko mtakayoyaona. Maji yakishuka kidogo, matope hufunuka na vitwitwi huongezeka. Yakishuka zaidi, ndege wote wa eneo hurundikana kwenye dimbwi lililobaki na kuonekana wengi kupita kiasi. Yakikauka, hakuna kitu.

Aina iliyotafutwa ikakosekana iandikwe 0. Kituo ambacho hakikufikiwa kiandikwe mstari na sababu. Sifuri na nafasi tupu ni taarifa mbili tofauti, na asiyekuwepo siku hiyo hawezi kuzitenganisha baadaye.

Ndege wanaojificha ndani ya mafunjo na matete hawatahesabika kutoka ukingoni. Andika waliosikika kwa sauti katika safu yao, na usizidishe namba kwa kubuni. Msiingie kwenye makoloni ya viota kwa ajili ya kupata hesabu kamili: mzazi akiruka, kifaranga hubaki juani, na kunguru hawachelewi. Droni nayo huwashtua ndege na inahitaji kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga, kwa hiyo kikundi kidogo kinaweza kuishi vizuri bila hiyo.

Iwapo unachohesabu ni wanyama

Kwenye mbuga za mafuriko kama Bonde la Kilombero, lililoorodheshwa chini ya Ramsar mwaka 2002, mnyama anayetafutwa zaidi ni sheshe, aina ya swala, ambaye bonde hilo liliwahi kukadiriwa kuwa makazi ya takriban robo tatu ya sheshe wote duniani. Huko hakuna ukingo wa kusimama. Hesabu za angani hufanywa kwa ndege ndogo inayopita kwenye mistari iliyonyooka, watazamaji wakihesabu wanyama ndani ya ukanda wenye upana uliopimwa kila upande, kisha makadirio ya eneo zima pamoja na kiwango cha makosa hukokotolewa kwa njia iliyochapishwa na mtakwimu Jolly mwaka 1969. Anayefanya kwa miguu naye apange mistari kabla, kwa umbali sawa, inayokata majani marefu na mafupi. Kuendesha gari barabarani na kuhesabu wanaoonekana ni rahisi zaidi, lakini kunakueleza habari za barabara, ambayo wanyama wengine huipenda na wengine huikwepa.

Hatua ya nane: soma namba kwa uangalifu

Linganisha kituo na kituo chake chenyewe, na miaka ambayo vituo vyote vilifikiwa. Kushuka kutoka 400 hadi 200 ni sawa kwa uwiano na kushuka kutoka 4,000 hadi 2,000, kwa hiyo chora grafu inayoonyesha uwiano, vinginevyo aina zenye makundi makubwa zitazifunika zile adimu. Miaka mitatu haitoshi kusema ndege wanaongezeka au wanapungua. Subiri ifike walau mitano au sita, na hata hapo sema kwa tahadhari.

Kabla ya kuandika kwamba aina fulani inatoweka, uliza kama imehama. Kuanzia karibu mwaka 2010 maji ya maziwa kadhaa ya Bonde la Ufa nchini Kenya yalipanda sana. Katika Ziwa Nakuru chumvi ikazimuka, spirulina, mwani mdogo sana wa majini ambao ndio chakula kikuu cha heroe mdogo, ikapungua, na wale maelfu kwa maelfu waliolipatia ziwa umaarufu wakaenda Ziwa Bogoria na kwingineko. Mtu mwenye daftari la Nakuru peke yake angetangaza msiba. Ndiyo sababu heroe huhesabiwa katika maziwa mengi ndani ya siku zile zile, na ndiyo sababu pia tatizo la kweli likitokea Ziwa Natron, ambako ndiko heroe wadogo wa Afrika Mashariki huzaliana, hesabu nzuri za maziwa mengine haziwezi kuwa faraja ya muda mrefu.

Hatua ya tisa: peleka matokeo yanakohitajika

Ndani ya mwezi mmoja nakala ya fomu ifike kwa mratibu wa sensa wa taifa, nyingine kwa ofisa wa wanyamapori wa wilaya, na ukurasa mmoja wa maelezo mepesi usomwe kwenye mkutano wa kijiji, ukijibu lile swali lililoandikwa mwanzoni. Kama swali lilikuwa juu ya mafunjo, waambieni wanakijiji sehemu iliyokatwa ilikuwa na ndege wangapi na ile isiyokatwa wangapi, kwa miaka mliyonayo, na muwaache waulize. Fomu za asili, zile zenye matope na penseli, zipigwe picha zote siku ya kuhesabu, kisha ziwekwe ndani ya bahasha ya plastiki pamoja na ramani ya vituo, zikae mahali ambapo zaidi ya mtu mmoja anapajua.